Mlango Alioniomba Nisiukate

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimefika nayo. Sanduku moja, kofia ya kazi, buti. Chumba nilichotafutiwa kiko juu ya nyumba ya mama mmoja ambaye televisheni yake inaongea kuliko yeye. Kina kitanda, meza na kiti kimoja. Kiti kimoja! Aliyekipanga alijua kabisa kwamba sitapata mgeni. Dari linavuja kwenye kona ya dirisha, na mama mwenye nyumba amenipa beseni, akaniambia, "Likijaa, mwaga." Basi, nimekaribishwa.

Kazi yenyewe ni jengo jipya la wodi ya wazazi, ghorofa nne, ubavuni mwa hospitali ya zamani. Nitakaa mpaka mvua ziishe. Mimi ni mhandisi wa usalama wa moto, yaani kazi yangu ni kuwaza mabaya mchana kutwa: moto ukianzia hapa moshi utapita wapi, na mama aliyejifungua asubuhi atatokaje kitandani. Watu hawapendi kukaa karibu na mtu wa namna hiyo. Nimezoea. Nasema nimezoea, lakini leo nimekula mkate nikiuangalia ukuta.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshapewa jina. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amerundika mifuko ya saruji kwenye ngazi ili isilowe. Yeye mwenyewe wanamwita Bwana Kesho, na haikunichukua muda kujua kwa nini.

"Hii ngazi ni ya kukimbilia," nikamwambia. "Si stoo."

"Mhandisi, jengo halina hata mgonjwa mmoja. Nani akimbie?"

"Vijana wako."

"Haya, tutaondoa kesho."

"Hapana. Leo."

Kabla ya chakula cha mchana hata mlinzi wa getini alikuwa akiniita Mama Hapana. Nikisogea walipokaa mafundi, soga zinakatika kama maji ya bomba. Mmoja anakumbuka koleo lake, mwingine anakumbuka choo, nabaki mimi na benchi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Saruji imerudi kwenye ngazi. Hapana.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimekutana na Seremala. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, ukitoka getini tu, na ndiye anayetengeneza milango yote ya jengo.

Niandike hapa jambo la milango, maana hata mdogo wangu nimemweleza mara ngapi bado ananiambia mlango ni mlango. Mlango wa kuzuia moto kwa nje ni mbao tu kama mwingine. Katikati ndiko umejazwa ubao mweupe mzito usioshika moto, na pembeni umezungushiwa utepe mwembamba ambao ukipata joto unavimba na kuziba upenyo. Mlango huo ukijifunga, moto unabaki ule upande, na wauguzi wanapata nafasi ya kuwatoa wagonjwa. Taabu ni kwamba mbao zikishabandikwa juu, hakuna jicho linaloweza kuona kilichomo. Fundi asiye mwaminifu anajaza takataka, na hujui mpaka siku ya moto. Kwa hiyo nina utaratibu wangu. Milango ikishafika yote, nachagua mmoja mimi mwenyewe, unakatwa katikati mbele ya watu. Huo ukiwa mbovu, yote inarudi.

Nilimweleza Seremala haya yote nikiwa nimesimama mlangoni kwake, natiririka maji. Nikangoja anune. Kila fundi hununa hapo.

"Kumbe ndiye wewe Mama Hapana," akasema. "Nilidhani utakuwa na pembe."

Akakifuta kigoda kwa mkono wa shati, akakisogeza kwangu. Nilikaa. Nusura nilie kwa ajili ya kigoda! Halafu akaniambia, "Hebu nisomee hiyo michoro yako, mama. Una sauti ya kusikilizwa." Nikamsomea vipimo vyote, chumba kwa chumba, naye amefumba macho, kiganja chake kinapita juu ya mbao taratibu. Ni mzee kidogo kuliko mimi, ana mvi za kichwa kizima. Aliyekuwa mume wangu alikuwa akisema nina sauti ya king'ora.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita kwa Seremala, chai. Beseni lilijaa mara mbili.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. "Dada, umepata hata mtu wa kusemezana naye huko?"

"Nimempata seremala mmoja."

Kigelegele kikanipasua sikio.

"Ebo! Nimesema seremala, sijasema mchumba!"

"Na mimi sijasema kitu. Nimepiga kigelegele tu, kwani ni dhambi?"

Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mama mwenye nyumba akapunguza televisheni asikilize.

Jumanne, 18 Machi

Nimeingia karakana yeye akiwa amenipa mgongo, mashine zinanguruma, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Karibu, Mama Hapana."

"Umejuaje?"

"Buti zako zinagombana na kokoto. Watu wote wanatembea, wewe unakagua."

Mkewe amefariki. Ana binti mmoja, seremala naye, ndiye anayeendesha mashine na vijana. Nikamwambia nina mtoto wa kiume yuko mbali sana, hupiga simu akikumbuka, na akipiga huniuliza hali ya hewa. "Basi mwambie inanyesha," akasema Seremala. Tukacheka. Aliweka kikombe pembeni mwa meza, kikaanguka kikavunjika, akajicheka mwenyewe: "Uzee huu, mama, unaniondokea na vyombo."

Nimerudi chumbani nikiwa na ucheshi wa kijinga. Nimeliambia beseni habari zote.

Jumatatu, 24 Machi

Niandike upesi niondokane nalo. Jioni nilikuwa nimesimama getini, mvua imepungua, nikamwona Seremala ametoka nje ya karakana yake, ng'ambo tu hapo, uso wake umenielekea. Nikampungia mkono. Akaniangalia. Nikapunga tena, mkono wote, kama mtoto. Akageuka akaingia ndani.

Mlinzi aliona. Alijitia anafunga kamba ya kiatu.

Haya bwana. Chai tunakunywa ndani, kumbe nje hatujuani. Pengine anaona haya watu wakimwona na mimi. Pengine nimejipa makuu. Nina miaka hamsini na moja na nimeumia kama msichana, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 27 Machi

Sijaenda karakana tangu siku ile. Leo amemtuma binti yake kuuliza kama naumwa. Nimejibu kazi ni nyingi. Saruji iko kwenye ngazi. Nimeihamisha mwenyewe mfuko mmoja mpaka Bwana Kesho akaona haya, akaita vijana.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda. Sikuweza kujizuia. Chumba kile kinanishinda.

Yeye ni yuleyule, kigoda kimefutwa, chai imewekwa. Suala la kupunga mkono sikuligusa; nimwambie nini, kwamba nimenuna wiki nzima kwa salamu? Nikajikaza. Akanichukua mpaka nyuma ya karakana, kwenye mlango uliolazwa peke yake juu ya meza. Mingine yote inatengenezwa na binti na vijana, lakini huu anautengeneza mwenyewe, mkono mtupu, bila mashine. Ni wa chumba cha kujifungulia. Akaushika mkono wangu akauweka juu ya mbao.

"Unasikia?"

Nimeshika milango maishani mwangu, sijawahi kushika uliolainishwa hivyo. Nilikuwa nausikiliza mkono wake, kusema kweli, zaidi ya mlango.

Jumamosi, 5 Aprili

Bwana Kesho amenisogelea leo kwa upole ambao sijamzoea. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ofisi mpaka ilibidi ainame sikioni mwangu.

"Mhandisi, mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Ila huyo rafiki yako. Ni kweli wewe ndiye unayemsomea michoro?"

"Kuna ubaya gani?"

"Hakuna. Ila mimi nimekaa na mafundi maisha yangu yote. Fundi gani asiyesoma michoro yake mwenyewe? Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mama. Chai, kigoda, una sauti nzuri. Siku ya kukata mlango utakuwa umeshalainika kama maandazi ndani ya chai. Halafu milango ikija kuwa mibovu, wodi haifunguliwi, na lawama nabeba mimi."

Nikamwambia aniondolee umbea wake. Akaondoka. Umbea ukabaki.

"Una sauti ya kusikilizwa." Je, alikuwa akimwambia hivyo kila mkaguzi? Nimekaa kitandani na maneno hayo, nayageuza upande huu na upande huu. Na kule kunitazama barabarani akageuka: labda hana haja na mimi mbele za watu kwa sababu haja yake ni milango tu.

Jumanne, 8 Aprili

Milango imeanza kuletwa, imefunikwa nailoni. Nimeibana, nimeigonga, nimeinusa. Haisemi kitu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Hapana mara tatu.

Jumatano, 16 Aprili

Milango yote imefika. Seremala amekuja mwenyewe ujenzini kwa mara ya kwanza, binti yake amemshika kiwiko kwa sababu ya tope. Akamwomba binti asogee pembeni. Alikuwa amevaa shati safi.

"Mama, najua utaratibu wako. Chagua mlango wowote. Kata miwili, kata mitatu ukitaka. Ila ule wa chumba cha kujifungulia, nakuomba, usiukate."

Nikamuuliza, "Kwa nini?"

Nilimpa nafasi. Mungu ni shahidi nilimpa nafasi ndefu, mvua ikitunyeshea sote wawili.

"Nakuomba tu," akasema.

Miaka yote ya kazi hii, nimeombwa na wengi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniombea mlango usio na kasoro.

Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu: "Kata mwingine, dada. Si amekwambia kata hata mitatu?"

"Na huo mmoja je?"

"Huo mmoja achana nao. Mlango ni mlango."

"Ni wa chumba cha kujifungulia. Mwanamke aliye katikati ya uchungu hakimbii. Akina mama wa vyumba vingine watabebwa, lakini huyo anaungoja mlango. Nitamwambiaje, nilimwonea fundi haya?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Utamkosa, dada."

"Najua."

"Na ndiye pekee uliye naye huko."

"Najua, nawe! Unadhani sijui?"

Nimemkatia simu. Nimempigia tena kumwomba radhi, tukazungumza habari za kuku wake.

Jumatatu, 21 Aprili

Kesho ndiyo siku ya kukata. Hapa nimeandika neno la Bwana Kesho na sikucheka. Nimeketi kwenye kiti changu kimoja na nimejaribu kila njia. Nikiuacha na ukawa mzima, nimebaki na rafiki, na sitajua kamwe. Nikiuacha na ukawa mbovu, nitashtuka kila televisheni itakapotangaza moto mahali popote. Hata kama ukiwa mzima, nitakuwa nikinywa chai yake nikimtazama pembeni. Hivyo urafiki umeshaharibika, niukate nisiukate. Alipaswa kuniambia sababu. Au mimi nilipaswa kuwa mtu anayeweza kuambiwa.

Jumanne, 22 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi wa chini, watu wote wamekusanyika kwa sababu nje hapakaliki. Bwana Kesho mbele, mikono nyuma. Milango imesimamishwa ukutani. Seremala amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, binti yake kando. Nikapita mmoja mmoja. Niliupita ule wake nikaenda mpaka mwisho, na nilisikia binti akishusha pumzi. Kisha nikarudi. Nikaweka mkono juu yake, ulikuwa mlaini kama siku ile.

"Huu," nikasema.

Binti akasema, "Hapana!" Neno langu mwenyewe, likatoka kwa mwingine. Seremala akamgusa mkono anyamaze. Aliinamisha kichwa, basi.

Msumeno ulianza. Unapiga kelele mbaya ndani ya jengo tupu, na vumbi likatufunika sote. Mbao zikaachia, kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito, ya kukwaruza, na hapo tayari nilijua kilichomo, maana sauti hiyo naijua. Lakini mtu hawezi kuzima msumeno katikati. Mlango ukaanguka vipande viwili.

Ulikuwa mweupe. Mweupe mpaka ukingoni, hakuna ufa, hakuna kipande cha kuunga, hakuna hata tone la gundi lililozidi. Utepe umelala kwenye mfereji wake kana kwamba umezaliwa nao. Kila mtu aliona. Nilimtazama Bwana Kesho, akatazama buti zake.

Seremala akanyanyua uso. Vipande vyote viwili vilikuwa mbele yake, hatua chache, sehemu iliyokatwa imemwelekea, nyeupe pe.

"Niambieni basi," akasema. "Umetokaje?"

Mafundi wakaangaliana. Mmoja akataka kucheka, akidhani ni mzaha. Mimi ndipo nikaelewa. Nilielewa yote kwa mara moja: kikombe, macho yaliyofumbwa, buti zangu kwenye kokoto, "nisomee hiyo michoro," binti na kiwiko. Na getini siku ile, uso wake umenielekea, na mimi napunga, napunga.

Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo nikasema, kwa sauti ile ile ya king'ora, "Ni safi, fundi. Ndani ni mweupe mpaka pembeni, utepe umekaa, hakuna dosari. Sijawahi kuona uliotengenezwa vizuri zaidi."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, binti akampeleka, akapiga goti kando ya vipande. Akapitisha vidole kwenye ukingo uliokatwa, polepole, kutoka chini mpaka juu. Mafundi walidhani anakagua. Kisha akasimama wakaondoka, na mimi nikabaki na kalamu mkononi.

Jumatano, 23 Aprili

Sikwenda popote. Beseni.

Ijumaa, 25 Aprili

Karakana imefungwa upande wa barabara. Nasikia mashine ndani.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda. Binti alinifungulia, akaniangalia kama anayeangalia jipu, akanipisha. Seremala alikuwa nyuma, vipande viwili vimeegemezwa ukutani kando yake. Hakufuta kigoda. Nikakaa juu ya vumbi.

"Presha ya macho," akasema, bila mimi kuuliza. "Imeyala taratibu. Daktari ameshamaliza habari zake. Mwaka jana nilikuwa naona mwanga na watu. Sasa naona mwanga. Binti atashika kazi, anaiweza. Nilitaka mmoja tu uwe wangu, wa mkono wangu, uende mahali watoto wanapozaliwa. Ule ndio wa mwisho, mama. Mwingine kama ule siwezi tena. Ulinichukua mvua yote."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba mlango wa moto umetengenezwa na kipofu? Wewe?"

Ningeukata siku hiyo hiyo, na yeye alijua.

"Nisamehe, fundi," nikasema.

"Ulifanya kazi yako."

"Nimesema nisamehe, sijasema nisifu."

Hapo kidogo mdomo wake ukacheza. Ningeishia hapo ningerudi nyumbani na amani. Lakini swali moja lilikuwa limenikera tangu Jumanne. Nikalitoa.

"Fundi. Ile mingine. Walioitengeneza ni vijana. Utepe wa pembeni, nani aliukagua?"

Mashine ya binti ilizima huko mbele, kana kwamba naye amesikia. Kisha Seremala akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na haikuwa furaha tupu.

"Lo, Mama Hapana! Hata kuomba radhi unakuja na msumeno!"

"Ndivyo nilivyo," nikasema, na machozi yakanitoka, na nilishukuru kwamba yeye hayaoni, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

"Unalia?"

"Vumbi."

"Mh." Akanyoosha mkono, akatafuta, akanipata bega. "Mingine niliipapasa. Si yote. Kesho tukaikague wote. Wewe macho, mimi vidole. Na usimwambie Bwana Kesho kwamba nimesema kesho."

Jumatano, 7 Mei

Tumemaliza ghorofa ya tatu. Tunakwenda hivi: mimi naangalia juu na bawaba, yeye anapapasa ukingo. Kwenye mlango mmoja alisimama, akarudisha kidole. "Hapa utepe umekatika." Nikainamisha tochi, sikuona. Nikainamisha tena. Kweli, kijana ameunga vipande viwili, na pameachwa uwazi. Mlango mwingine nikauona mimi, bawaba imepinda, yeye hakuigundua, akatukana kidogo. Binti ameichukua yote miwili kurekebisha na vijana wamepewa maneno yao.

Bwana Kesho anadhani huu ni utaratibu wangu mpya. Amesema anaomba nisiwe na mwingine tena. Habari za macho sijaandika popote na hakuna aliyeniuliza.

Kwenye ngazi hapakuwa na saruji. Nikamtazama. "Nimeiondoa jana," akasema, akatazama pembeni. "Na yule mzee, mhandisi, nilimkosea. Nilikuwa naogopa." Nami nilikuwa nimemweka mtu huyu kwenye kundi la wabaya tangu siku ya saruji ya kwanza. Niliogopa pia, nikamwambia.

Ijumaa, 9 Mei

Chai. Kigoda kimefutwa.

Jumatano, 14 Mei

Jaribio la moshi. Tumejaza korido nzima moshi wa mashine, mweupe, mzito, na milango yote ikajifunga yenyewe. Nilisimama ndani ya chumba cha kujifungulia na Seremala. Mlango wa chumba hicho sasa ni wa binti yake, na ni mzuri, lakini si ule.

"Moshi umeingia?" akaniuliza.

Nilipiga magoti, nikaangalia chini, pembeni, juu. "Haujaingia hata kidogo."

"Sema ndiyo, basi. Nikusikie siku moja."

"Ndiyo, fundi. Ndiyo, mlango umefunga."

Jumapili, 18 Mei

Leo haikunyesha. Mdogo wangu ameniuliza kama nitamwambia Seremala kitu kabla sijaondoka. Kitu gani, nikamuuliza. "Wewe nawe, kitu!" akasema. Nimefikiri. Ana binti yake, karakana yake, giza lake analojifunza. Mimi ninatumwa jengo jingine, mbali, chumba kingine chenye kiti kimoja. Niliukata mlango wake na ningeukata tena, na yeye anajua hivyo. Sisi ni marafiki wenye kitu kilichokatwa katikati yetu. Sijui kama hicho kinaitwa kitu.

Ijumaa, 23 Mei

Beseni limekauka. Nimelirudisha kwa mama mwenye nyumba. Akaniambia, "Utaniachia ukimya, ulikuwa unachekacheka huko juu." Sikujua kwamba alikuwa akinisikiliza. Huenda naye alihitaji mtu, na mimi nimepita mlangoni kwake mvua nzima bila kubisha.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika nikiwa njiani.

Tulikwisha kuagana jana kwa maneno machache, hakuna aliyetaka kurefusha. Asubuhi gari la hospitali likanichukua. Lilipopita mbele ya karakana, alikuwa amesimama nje, shati safi, uso umeelekea barabara. Nikampungia mkono. Mkono tu, mazoea, kabla sijafikiri. Akabaki vilevile ametulia, kama siku ile ya getini.

"Simama," nikamwambia dereva. Nikashusha kioo. "Fundi! Ni mimi! Nakupungia mkono!"

Uso wake ukafunguka. Akainua mkono, juu kabisa, akaupunga kwa nguvu zake zote, kwa furaha, kuelekea nyuma ya gari, upande ambao hapakuwa na mtu.

Dereva akanitazama. Nikafungua mlango, nikateremka kwenye tope linaloanza kukauka, nikaenda kusimama pale alipokuwa anapunga.